Mtihani Mpya na Hadaa Zetu za Zamani

Nataka kusema na wazazi wenzangu juu ya jambo ambalo tangu mwezi wa Disemba 2025 limekuwa ni mazungumzo ya kila baraza, nalo ni huu mtihani mpya wa watoto wetu wa Gredi ya 9, uitwao KJSEA. Matokeo yake ya kwanza yalipotoka watu waliniletea makaratasi na simu zao niwasomee, na wote suali lao lilikuwa moja: "Maalim, amepata ngapi?"

Suali hili lina asili yake. Tangu mwaka 1985 mpaka mwaka 2023, ilipofanywa KCPE ya mwisho, mtoto wa Kenya alikuwa akikaa skulini miaka minane, kisha akapimwa kwa siku chache, akatoka na nambari moja. Katika miaka ya mwisho nambari hiyo ilikuwa ni kati ya 500. Aliyepata 400 alichinjiwa mbuzi akapigiwa vigelegele, na aliyepata 180 alifichwa ndani kama aliyeiba. Sisi wazazi tulizoea hivyo, na lililozoewa miaka arubaini kasoro haliondoki kwa tangazo la wizara. Kwa hivyo leo mtu akiambiwa kuwa mwanawe "amefikia matarajio," ajiona kama amechezewa shere. Ataka nambari yake.

Yafaa basi kwanza tufahamiane, kwa kuwa mtu hawezi kusifu wala kulaumu kitu asichokijua. Watoto walioanza Gredi ya 1 mwezi wa Januari 2019 wasoma kwa mtaala wa umilisi, huu uliokuwa ukiitwa CBC. Kundi lililowatangulia ndilo lililofanya mtihani wa KPSEA mwaka 2022 likiwa Gredi ya 6, na ndilo lililofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025, watoto zaidi ya milioni moja na laki moja nchi nzima, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Masomo waliyopimwa ni tisa, na katika hayo tisa limo somo la dini, nalo kwa watoto wetu ni IRE. Kila somo lina ngazi nane. Mwenye 90 na zaidi hupewa pointi 8, mwenye 75 hadi 89 hupewa 7, na hivyo huteremka mpaka pointi 1. Mara tisa nane ni 72. Basi enyi mliokuwa mwaitafuta nambari, hiyo nambari ipo, imebadili nguo tu. Wala hakuna aliyeambiwa "umefeli." Kila mtoto huendelea, ila huendelea wapi, na kwa masomo gani, hapo ndipo kwenye kazi. Gredi ya 10 ina njia tatu: ya sayansi na ufundi, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Na kila njia ina skuli zake nzuri na skuli zake dhaifu, na nafasi za hizo nzuri si nyingi.

Haya wengi wameyafahamu au watayafahamu. Lisilofahamika, au lafahamika na watu wakajifanya hamnazo, ni hili ninaloliandikia. Alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10 hazitoki zote katika mtihani wa mwisho. Mtihani wa Gredi ya 9 ni sehemu 60 katika mia. Sehemu 20 zatoka katika KPSEA ya Gredi ya 6. Na sehemu 20 zatoka katika kazi azifanyazo mtoto Gredi ya 7 na ya 8, kazi ziletwazo na Baraza la Mitihani, mwalimu akazichukua katika mtandao, akawapa watoto, akazipima yeye mwenyewe, kisha akazirudisha alama huko huko. Tena KPSEA yenyewe haikuwekewa kuwa ni mtihani mtupu. Kwa mpango wake, sehemu 40 katika mia ndizo za mtihani, na 60 ni za kazi za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Haya tuhesabuni. Sitini katika mia ya ishirini ni kumi na mbili. Ongeza zile ishirini za Gredi ya 7 na ya 8. Ni sehemu 32 katika mia, karibu ya thuluthi, ambazo hazina chumba cha mtihani, hazina msimamizi wa kutembea baina ya madawati, wala hazina askari mlangoni. Zapimwa na mwalimu wake peke yake, na kazi nyingine katika hizo mtoto huitayarisha nyumbani.

Sasa na tutazame hiyo nyumba.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi nje ya saiba moja mtaani petu nikingojea karatasi za chuo zichapishwe. Ndani mlikuwa na mama mmoja na mwanawe wa kiume, umri kama miaka kumi na mbili. Kijana wa saiba alikuwa akiifanya kazi ya mtoto, picha anatafuta yeye, maneno anaandika yeye, na mtoto ameketi kitako juu ya kiti anakula viazi karai. Hilo lenyewe nimelizoea. Lililonifanya nigeuke ni neno la yule mama. Alimwambia kijana: "Usiifanye nzuri mno. Tia makosa mawili matatu, mwalimu aone ni ya mtoto." Subhanallah! Hata makosa ya mtoto sasa twayanunua dukani! Na kazi yenyewe ilikuwa ya somo la dini, chati ya sifa za Mtume wetu (S.A.W.), na sifa ya kwanza juu kabisa, kwa herufi kubwa za rangi ya kijani, ilikuwa ni Al-Amin.

Mwingine alikuja kwangu mwenyewe. Ni mama wa watu wema, sitamtaja wala skuli ya mwanawe sitaitaja. Mwanawe akiwa Gredi ya 5 aliagizwa asuke ukili, mkono mmoja tu. Mama yule alituma sokoni, ukaletwa ukili mzuri wa mikono ya watu wa mashamba, ulionyooka kama uzi, mtoto akaupeleka skulini akapewa alama ya juu, ile ya kuzidisha matarajio. Nilimuuliza: "Bibi yake mtoto yu hai?" Akasema yu hai, yuko hapo hapo nyumbani. "Ajua kusuka?" Akacheka, akasema bibi tangu utoto wake hana kazi nyingine, miyaa yake iko chini ya kitanda. Basi nyumba moja ina mjuzi wa kazi hiyo aliyekaa bure barazani tangu asubuhi, na ina mtoto aliyeagizwa aijue kazi hiyo, na baina yao hao wawili tumepitisha shilingi za sokoni. Ukili alioutaka mwalimu haukuwa wa kutandika. Alitaka mtoto akae na mtu anayejua, vidole vimuume, uende upande, aufumue aanze tena.

Ukiwauliza watu wa namna hii kwa nini wafanya hivi, majibu yao yafanana. Kwanza husema: "Maalim, sote twafanya." Hili si jibu la Muislamu. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wake ni wabaya mno katika vipimo vyao, yaani sote-twafanya yao ilikuwa kubwa kuliko hii yetu, na hapo ikateremka Suratul-Mutaffifin kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka wajaziwe, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Hiyo sura watoto wetu wengi waihifadhi kabla ya kujua kuandika majina yao, na wazazi wao huisikiza kwa furaha. Na nani aliye mpunguzaji zaidi ya yule anayetaka mwanawe ahesabiwe kibaba kizima, na ndani ya kibaba amejaza kidole chake yeye mwenyewe?

Nao husema: "Mwalimu ataka kitu kizuri. Mtoto akipeleka kibovu huchekwa." Hapa nina maneno na walimu pia. Mwalimu aliyesomea kazi yake hapiti nusu dakika bila ya kujua kuwa kazi hii haikutoka katika mkono wa mtoto huyu. Ajua. Akiandika 4 hali ya kuwa ajua, basi ametoa ushahidi wa uongo kwa wino, na ushahidi wa uongo Mtume (S.A.W.) aliuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa. Twasikia baadhi yao wasema kuwa mkubwa wa skuli hataki alama za chini ziende kwa Baraza zisije zikaiaibisha skuli, na wengine wana watoto sabini darasani na hawana wakati wa kumtazama mmoja mmoja. Wa pili ana udhuru mbele ya watu wenye insafu. Wa kwanza hana. Ama mwalimu anayepelekewa bahasha na mzazi, huyo na mzazi wake hukumu yao yajulikana, wala sitaki kuichafua karatasi hii.

Na wapo wanaojibu kwa hoja yenye nguvu zaidi, nami sitaki kuipita kama sikuisikia. Wasema: "Serikali imetuletea mtaala wa matajiri. Skuli zetu hazina maabara, walimu wa Gredi ya 7, 8 na 9 hawatoshi, kila wiki twaambiwa tununue manila, rangi, gundi, tuchapishe picha, na mzazi mwenyewe ni mchukuzi wa bandarini. Tufanye nini?" Naam. Malalamiko haya ni ya haki na sisi twayasema pamoja nanyi, na inapasa yasemwe kwa sauti katika mikutano ya wazazi, na kwa wabunge wenu ambao huwaona wakati wa kura tu. Mtaala unaomtaka maskini anunue kila wiki umekosea mahali. Lakini hebu nambieni, ukitengenezewa kazi ya mwanao na kijana wa saiba, aliyedhulumiwa hapo ni serikali? Serikali haina mtoto Gredi ya 9. Aliyedhulumiwa ni mtoto wa mvuvi wa Kipini, au wa mfugaji wa upande wa Garsen, ambaye saiba haiko kwao wala shilingi za saiba hana, aliyesuka ukili wake kwa mikono yake ukaenda upande, mwalimu wake mkweli akamwandikia 2. Nafasi katika skuli ile nzuri ilikuwa moja. Imechukuliwa na mwanao kwa ukili wa sokoni. Wala hutamjua jina lake mtoto yule ukamwombe radhi, naye hatajua ni nani aliyemkalia mahali pake. Mimi katika dhulma zote hiyo ndiyo huiogopa zaidi, dhulma ambayo mwenyewe humjui umrudishie.

Kisha kuna kundi la wanaosema kuwa dawa ni kuuvunja upimaji huu wote, irudishwe KCPE, mtoto afungiwe chumbani apimwe siku tatu, na mambo yaishe. Hawa nawaambia mmesahau upesi. Huo mtihani wa kufungiwa chumbani hatukuuiba? Mwaka 2015 waliopata daraja ya A katika KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 serikali ikakaza mkono, karatasi zikafungiwa ndani ya makontena yenye kufuli mbili, askari wakasimama, na hao wenye A wakawa 141. Kuna mengine pia yaliyobadilishwa mwaka ule katika usahihishaji, sisemi kuwa wote waliopungua walikuwa wezi. Lakini mtu mwenye akili akiziona nambari mbili hizo zimekaa pamoja hahitaji kufafanuliwa. Mizani ikifungiwa katika kontena, tuliivunjia kontena. Ikiletwa nyumbani, twaichezea nyumbani. Na watu wa Madina ilipowateremkia ile sura hawakuambiwa wazitupe pishi zao baharini. Pishi zilibaki zile zile, na imepokewa kuwa baada yake wakawa wazuri wa vipimo.

Tena huu upimaji ambao watu wauona ni mgeni, sisi wa pwani ndio ambao haukupasa kutushangaza. Chuoni mtoto anasikizwaje? Hukaa mbele ya mwalimu peke yake, akasoma, akakosea, akarudishwa, akasoma tena. Hakuna mwalimu wa chuo aliyekusanya watoto mia siku moja ya mwaka akawapa karatasi za kutia alama, kisha akasema huyu amejua juzuu Amma na huyu hajui. Kila siku ni mtihani wake. Mtoto akiijua sura huendelea, asipoijua hubaki, na wenzake waliomtangulia hawamcheki kwa kuwa nao walibaki jana. Na hapo hakuna mzazi anayeweza kumsomea mwanawe, kwa kuwa ulimi ni wake na mwalimu amsikia.

Nimesema hivyo, lakini nisiwe mwenye kuona kibanzi cha jirani. Hata vyuoni tumeingiwa. Nimehudhuria khitma, pilau imepikwa, mtoto amevishwa joho na kilemba, picha zimepigwa, na mtoto huyo ukimfungulia msahafu katikati hawezi kusoma kurasa mbili bila ya kushikwa mkono. Mzazi alikuwa na haraka na mwalimu alimuonea haya mzazi. Na mwalimu mmoja katika hao nilikuwa mimi, zaidi ya mara moja. Kijana mmoja niliyemkhitimisha hivyo ni mtu mzima leo, na akipita msikitini hutafuta safu ya nyuma asije akaambiwa asalishe. Sababu yake aijua yeye na mimi.

Kwa hivyo sisemi na nyinyi kutoka juu ya mimbari ya mtu asiyekosa. Nasema kwa kuwa nimeona mwisho wake. Mtoto anayefanyiwa kazi zake tangu Gredi ya 4 mpaka ya 8 hufika Gredi ya 10 kwa alama za mamake, halafu mamake hawezi kuingia darasani. Amepelekwa njia ya sayansi na hesabu hajui, mbali na kwao, pamoja na watoto wanaojua. Atafanya nini? Atarudi katika lile alilofunzwa miaka mitano mfululizo na watu anaowapenda zaidi duniani, nalo ni kutafuta wa kumfanyia.

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mtu auzaye nafaka, akatia mkono wake ndani ya lile rundo, vidole vikatoka na umaji. Alipomuuliza mwenyewe, akasema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka huo ulioroa juu, watu wakauona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwake. Tazameni ufundi wa malezi. Hakumlaumu kwa mvua. Nafaka kuroa si dhambi. Vile vile mtoto wako kuwa ni mzito wa hesabu si dhambi, wala ukili wake kwenda upande si aibu. Mwache ende nao hivyo hivyo, mwalimu auone, ajue pa kumshika mkono. Kumsaidia mtoto hakukatazwi. Mwonyeshe, mkalie, mtafutie miyaa, mwite bibi yake. Ukimaliza kumuonyesha, fumua, naye aanze yeye.

Yule mama wa ukili hakuja kwangu kujisifu. Alikuja kwa kuwa mwanawe sasa ameingia Gredi ya 6, KPSEA yake ni mwaka huu wa 2026, na amesikia kuwa alama za Gredi ya 5 zimo ndani yake. Aliniuliza: "Maalim, nifanye nini, na alama zishakwenda?" Nilimwambia: "Mwanangu, toba ya jambo lenye haki ya mtu ndani yake haitimii kwa istighfari peke yake. Nenda kwa mwalimu wake umwambie. Kama alama zaweza kurekebishwa, na zirekebishwe, hata zikishuka. Kama haziwezi, basi umesema, na mwalimu atajua kuanzia sasa atazame nini. Na mtoto akae na bibi yake mpaka aijue ile kazi aliyoandikiwa kuwa aijua." Akasema atakwenda. Kisha akauliza: "Na mtoto nimwambie nini?" Nikamwambia amwambie kweli, kuwa ule ukili haukuwa wake.

Alinyamaza kidogo akitazama chini, akasema: "Mtoto ajua, Maalim. Yeye ndiye niliyemtuma sokoni kuununua."